Rafiki yangu amefariki na naamini atafufuka, mbona sifarijiki?

Swali: Shikamoo mchungaji. Mimi ni dada wa miaka 26, niko Mwanza. Mwezi wa tatu nilifiwa na rafiki yangu wa toka form one, alikuwa na selimundu, tulizoea kwamba anaumwa analazwa anatoka, ila safari hii hakutoka, tukamzika kwao Musoma. Yeye alikuwa Msabato mimi Mlutheri. Pale mazishini mchungaji wao alisema amelala hajui lolote mpaka parapanda ilie, nyumbani kwetu wananiambia yuko mbinguni ananiangalia, sijui nishike lipi. Kanisani wananiambia nisilie sana nitaonekana sina imani, nitamwona asubuhi ya ufufuo. Naamini hivyo kabisa lakini nikishafunga mlango wa chumba nalia. Je imani yangu ni ndogo? Na huyo nitakayemwona atakuwa ni yeye kweli, tutatambuana?

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole sana. Swali lako limebeba maswali kama manne ndani yake kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, soma taratibu, usipomaliza leo utamalizia kesho.

Nianze na machozi maana naona ndo yanakutesa kuliko hayo mengine. Fungua Yohana 11. Yesu alikuwa na rafiki anaitwa Lazaro, anakaa Bethania na dada zake, ni kama kilomita tatu tu kutoka Yerusalemu, na sio mimi ninayemwita rafiki, ni Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake "Rafiki yetu, Lazaro, amelala, lakini ninakwenda nipate kumwamsha." Sasa angalia hapo, kabla hata hajaanza safari alishajua anaenda kumfufua, sio kwamba anaombea itokee, anajua. Akafika akakuta Lazaro ana siku nne kaburini, Mariamu analia, waliokuja kuhani nao wanalia, na yeye akalia. Zimebaki dakika chache Lazaro atoke na sanda zake mwilini na bado Yesu analia mbele za watu bila kujificha, mpaka watu wakasema jamani tazameni alivyompenda. Hakuna aliyemwambia imani yako ndogo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukiamini ufufuo hutakiwi kulia, anakudai imani kubwa kuliko ya Bwana mwenyewe, na hilo deni we usilikubali.

Na huo mstari wanaokutajia, najua ni 1 Wathesalonike 4:13, huwa unasomwa nusu. Hiyo barua Paulo aliiandika kama mwaka 50 au 51 akiwa Korintho, ni kati ya maandishi ya zamani kabisa ya Agano Jipya. Thesalonike ni mji wa bandari huko Ugiriki, Paulo alikaa pale muda mfupi tu, zikatokea fujo, ndugu wakamtorosha usiku, akawaacha waumini wachanga kabisa ambao walikuwa wanamngoja Bwana arudi wakati wowote. Halafu kabla hajarudi wenzao wakaanza kufa. Wakachanganyikiwa, je hawa waliotangulia ndo wameikosa siku yenyewe? Ukisoma vizuri utaona ni watu waliokuwa wanalilia wenzao kama wewe unavyomlilia mwenzio, na Paulo hakuwaambia msihuzunike akaweka nukta. Aliwaambia "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Kuhuzunika kupo, anakutegemea kabisa, anachokataa ni ile huzuni ambayo mbele yake hamna kitu.

Kuna Mwafrika mwenzetu alizipitia hizo huzuni zote mbili, Agustino, yule aliyekuja kuwa askofu wa Hippo huko ambako leo ni Algeria. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, bado hajawa Mkristo, alifiwa kwa homa na rafiki yake pale kwao Tagaste, na ameandika mwenyewe kwamba kila alichokitazama aliona kifo, mji wao ukawa mateso kwake, macho yanamtafuta yule rafiki kila mahali na hayampati, machozi tu ndo yalikuwa matamu kwake, mwisho akahama kabisa akaenda Karthago. Wakati ule hakuwa na kitu cha kushika. Miaka mingi baadaye, sasa ni askofu, aliwahubiria watu wake mstari huohuo wa Wathesalonike akawaambia Paulo hajakataza kuhuzunika, amekataza kuhuzunika kama wasio na tumaini. Mtu kama huyo mimi namsikiliza, kwa sababu anaongea kitu anachokijua pande zote.

Sasa kuna jambo hujaliuliza lakini nimeliona kwenye maneno yako. Kwetu rafiki hana nafasi msibani. Mama wa marehemu anakaa kwenye mkeka ndani, watu wanamshika mkono, dada na shangazi wana nafasi yao, wewe uliyelala naye bweni moja na kumshikia beseni akitapika unapewa kazi ya kuhudumia chai, kukusanya rambirambi kwenye grupu la wasap, kukodi viti. Kwenye tangazo wanasoma ameacha wazazi na ndugu kadhaa, wewe haumo. Kazini ukisema umefiwa na rafiki unapewa siku moja tena kwa kuombewa. Wiki ya pili grupu limenyamaza, watu wametoka mmoja mmoja, na wewe ndo kwanza kilio kinaanza. Nina miaka mingi nazika watu na nakwambia rafiki wengi wanalia kwa siri kama wewe kwa sababu hakuna aliyewapa ruhusa ya kuitwa wafiwa. We ni mfiwa. Biblia inalijua hilo, Daudi alimtungia Yonathani maombolezo na akaagiza wana wa Yuda wafundishwe, wakati Yonathani hakuwa ndugu yake wa damu. Na Zaburi ya 88, ile isiyokuwa na mwanga hata mwishoni, mstari wake wa mwisho kabisa ni mtu anamlalamikia Mungu kwamba amemtenga na mpenzi na rafiki. Haimalizii kwa haleluya. Iko kwenye Biblia hivyohivyo, ukikosa maneno ya kuomba usiku isome hiyo kwa sauti, umeomba.

Na haya maneno tunayorushiana misibani, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu kampenda zaidi, naomba uyaweke pembeni kwa muda. Waliokwambia hawakuwa na nia mbaya, wengi wanasema kwa sababu ukimya unawatisha. Lakini Paulo kwenye 1 Wakorintho 15:26 anakiita kifo adui, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui bado ni adui hata kama ameshahukumiwa. Selimundu kumuua binti wa umri wako sio zawadi, usijilazimishe kushukuru kwa hilo. Unachoruhusiwa ni kumshukuru Mungu kwa miaka mliyokaa pamoja na kumwambia wazi kwamba kuondoka kwake kumekuuma, yote kwa sala moja.

Haya, tuje kwenye ufufuo wenyewe, hapa ndo nataka ukae sana.

Nadhani moja ya sababu hufarijiki ni kwamba ufufuo uliopewa ni mwembamba. Ukiambiwa yuko mahali pazuri, anaruka na malaika, roho yake imepumzika, moyo wako unasikia kwamba yule rafiki unayemjua amekwisha, kimebaki kitu kama moshi hivi, na moshi haukumbatiwi. Lakini imani ya kanisa toka mwanzo sio hiyo. Kila Jumapili kwenye Imani ya Mitume tunakiri kwamba mwili utafufuka. Mwili. Wakorintho nao walikuwa wanaona aibu na hilo, Wagiriki wengi waliuona mwili kama kifungo cha roho, wakataka imani ya roho tu, na Paulo katikati ya miaka ya 50 akawaandikia sura nzima ndefu kuwakatalia. Anasema kama Kristo hakufufuka imani yenu ni bure, na kabla ya hapo ameshataja mashahidi, Kefa yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano kwa mara moja ambao anasema wengi wao wanaishi hata sasa, maana yake nendeni mkawaulize.

Halafu anafika kwenye mwili. Anasema ni kama mbegu, unachopanda sio ule mmea utakaokuja, lakini punje ya mahindi haioti mtama, kinachotoka ni kilekile kimekuja kwa namna ambayo ukiangalia punje mkononi usingeiwaza. "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Huo mstari naomba uusome ukimfikiria yeye. Nimekaa wodini na wagonjwa wa selimundu, najua ule usiku ambao mifupa inauma mpaka mtu hataki hata shuka limguse, seli za damu zimepinda umbo la mundu zinakwama kwenye mishipa, macho ya njano, kuongezewa damu, kukosa mitihani, kuogopa baridi, kuulizwa na watu wasiojua mbona kila siku wewe tu. Tanzania ni moja ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa na huo ugonjwa. Sasa watu wakisema bora amepumzika maumivu, ni kweli maumivu yameisha, lakini yameisha kwa yeye kupoteza mwili wenyewe, adui kachukua vyote. Ahadi ya Mungu ni kubwa kuliko hapo, ni kwamba mwili uleule ulioteseka ndo utaitwa utoke, na hautaumwa. Mungu hakuuona mwili wake kuwa gari bovu la kutupwa. Mikono ile iliyojaa alama za drip ni yake Mungu na anaidai.

Ndo maana swali lako la kutambuana nalijibu kwa Kristo mwenyewe maana yeye ndo wa kwanza, limbuko, wengine tutafuata kwa namna yake. Alipofufuka kaburi lilikuwa tupu, hakuacha mwili wake nyuma akaja na mwingine. Alikuwa na alama za misumari, Tomaso akaambiwa aguse. Alikula kipande cha samaki mbele yao ili waache kudhani ni roho. Mariamu Magdalene kwanza hakumtambua, alidhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa jina lake, "Mariamu," basi hapohapo akajua. Wale wawili wa Emau walitembea naye njia nzima wasijue, wakamjua alipomega mkate, namna yake ileile. Na pale ziwani Tiberia, wenzake waliokuwa wamemkimbia usiku wa kukamatwa wamerudi kuvua, wanakuta amewasha moto wa makaa, ana samaki na mkate, anawaambia "Njoni mfungue kinywa." Yaani ameshinda mauti na kitu anachofanya na rafiki zake ni kuwapikia chai ya asubuhi. Kwa hiyo ndiyo, atakuwa ni yeye. Namna anavyokuita jina lako, hilo jina lenu la utani la shule ambalo nadhani mlikuwa nalo, mimi sioni sababu ya kuamini kwamba Mungu ataliacha kaburini. Atakuwa amebadilika, na kunaweza kuwa na kitambo cha kushangaa kama Mariamu, lakini mtajuana.

Na Paulo kwenye Wathesalonike anasema kitu watu wanakipita kwa sababu wanakimbilia mawingu na parapanda. Anasema waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha sisi tulio hai tutanyakuliwa "pamoja nao." Angeweza kusema tu tutakutana na Bwana, ingetosha kimafundisho. Ila alikuwa anawaandikia watu wenye pengo la watu fulani wanaowajua kwa majina, akaweka hilo pamoja nao makusudi kabisa.

Sasa lile la amelala au yuko mbinguni. Hapa Wakristo hatukubaliani na sitakudanganya kwamba tunakubaliana. Wasabato wanashika Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, na wanaona kwamba Yesu na Paulo wote wanakiita kifo usingizi. Sisi Walutheri, na Wakatoliki na Waanglikana na wengine wengi, tunashika yale maneno ya msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," na Paulo kwenye Wafilipi 1:23 anayetamani kwenda kukaa na Kristo, tunasema yuko na Bwana sasa hivi. Mimi naamini hivyo, yuko na Bwana. Ila hata Luther mwenyewe alipenda sana kukiita kifo usingizi, kwa hiyo usimwone yule mchungaji kama mtu aliyekuja kukuibia faraja. Fikiria anachosema, aliyelala hahesabu masaa, kwa rafiki yako kutoka kile kitanda cha hospitali mpaka sauti ya Bwana ni kufumba na kufumbua. Na nyie mnaosema yuko na Bwana bado mnangoja kitu kilekile, maana kukaa na Kristo bila mwili sio mwisho wa stori, mwisho ni ufufuo, na hapo sisi na Wasabato tunasimama mstari mmoja bila hata sentimita ya tofauti. Shika hilo. Lile la ananiangalia sioni Biblia ikilisema waziwazi, kwa hiyo usilitegemee sana, na wala usiishi kwa hofu kwamba anakuona ukilia. Kristo anakuona, na Kristo yuko naye, mimi hiyo inanitosha.

Neno moja kwa haraka kuhusu ndoto kwa sababu wengi wanaogopa kuuliza. Ukimuota anakuja anaongea, ni kawaida kabisa, akili inamtafuta. Asikwambie mtu anadai kitu au ana ujumbe, na usipelekwe kwa mtaalamu yeyote wa kuongea na wafu, Sauli alijaribu kule Endori hakupata faraja yoyote, alianguka chini kwa hofu.

Na lingine la kweli kabisa. Kulia miezi hii ni kawaida, kuna wiki utakuwa sawa halafu unasikia wimbo kwenye daladala unaanza upya. Ila ukiona hulali kwa wiki kadhaa, huli, kazi zimekushinda kabisa, au limekujia wazo la kumfuata, hilo usilibebe peke yako wala usilifiche ukasubiri maombi ya Ijumaa. Mwambie mtu leoleo, nenda hospitali uliza huduma ya afya ya akili, kumwona daktari sio kupungukiwa imani. Paulo naye alitamani kwenda kukaa na Kristo, akasema kubaki kunahitajika zaidi kwa ajili yenu. Akabaki.

Baada ya maneno yale ya parapanda Paulo anamalizia "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Ni kazi ya kupeana, na hapo ndo naona umekwama, unaamini peke yako chumbani umefunga mlango. Tafuta watu wawili watatu mliosoma wote, sio grupu la watu mia, kaeni mle pamoja mumtaje jina, mcheke, mlie, msome hiyo Wathesalonike kwa sauti. Voisi zake usizifute na namba yake usiifute kama hutaki, hakuna dhambi hapo. Pasaka ikija, kama unaweza nenda kaburini alfajiri. Sisi Walutheri na ndugu zetu Wamoravian tuna hiyo desturi sehemu nyingi, watu wanaenda makaburini kabla jua halijatoka na nyimbo na tarumbeta, na kwa Wamoravian ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na walioianzisha ni kikundi cha vijana wanaume ambao hawajaoa, waliokwenda kuimba makaburini juu ya wenzao. Imba pale, hata kama ndugu zake sio Walutheri hawatakukatalia Kristo amefufuka.

Na Pasaka iko mbali, kwa hiyo kabla ya hapo nenda ukamwone mama yake. Najua unaogopa kwamba ukienda utamtonesha, lakini kile kidonda kiko wazi muda wote, hutamkumbusha kitu alichosahau. Usimwambie asilie. Msimulie yale ambayo yeye hakuyaona, ya bweni, ya siku aliyotoroka wodini kuja kufanya mtihani kama alifanya hivyo, vituko vyake, walimu aliowaigiza, maana mama anamjua binti wa nyumbani na wewe unamjua yule wa shuleni, hayo hana mtu mwingine wa kumpa. Mwambie na wewe unamngoja. Panda basi la asubuhi siku ya Jumapili, Jumamosi watakuwa kanisani.